Kompyuta ya Kazi Ikikwama Katikati ya Sasisho: Yanayofaa Kufanywa na ya Kuepukwa

Ni saa mbili asubuhi katika ofisi moja ya wadi, Nyacheki. Afisa wa kilimo anafungua kipakatalishi chake ili atume orodha ya wakulima wanaosubiri mbolea ya bei nafuu. Orodha hiyo inatakiwa mjini Kisii kabla ya saa sita mchana. Badala ya skrini aliyoizoea, anaona duara dogo linalozunguka na maandishi yanayosema kwamba sasisho limefika asilimia 30 na kompyuta isizimwe. Nusu saa baadaye bado ni asilimia 30. Wakulima wameanza kukaa kwenye benchi nje ya mlango.

Huo ni mfano tu, lakini wafanyakazi wengi wa umma watautambua. Iwe ni zahanati, ofisi ya mapato, shule ya chekechea au ofisi ya msimamizi wa wadi, kazi nyingi za kaunti sasa zimo ndani ya kompyuta. Sasisho la mfumo endeshi likigoma, si mashine peke yake inayosimama. Basari ya mwanafunzi, leseni ya mfanyabiashara au taarifa ya mgonjwa nayo inasimama.

Jambo la kwanza ambalo kila afisa anafaa kulijua ni hili: kompyuta kushindwa kuwaka si sawa na kazi kupotea. Sasisho linapokwama, faili za mtumiaji kwa kawaida huwa bado ziko salama kwenye diski. Mara nyingi kinachoziangamiza ni hatua za pupa zinazofuata: kuzima kwa nguvu katikati ya shughuli, kukubali kila swali linalojitokeza kwenye skrini, au kumpa mtu kompyuta "aiflashi" bila kumwambia kuna nini ndani.

Kwa nini kompyuta huomba kusasishwa

Kompyuta nyingi za ofisini hutumia mfumo endeshi wa Windows kutoka kampuni ya Microsoft ya Marekani. Kampuni hiyo hutoa masasisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi. Kwa saa za Kenya, huwa tayari ni Jumanne usiku. Ndiyo maana kompyuta nyingi huanza kuomba kuzimwa na kuwashwa upya kuanzia Jumatano asubuhi, wakati ofisi zimejaa watu.

Masasisho ni ya aina mbili. Lile la kila mwezi huziba mianya ya usalama na kurekebisha kasoro. Ukubwa wake huwa mamia ya MB, wakati mwingine zaidi ya GB moja. Aina ya pili ni toleo jipya la mfumo, ambalo huja mara chache zaidi, huwa na ukubwa wa GB kadhaa na hubadilisha sehemu kubwa ya mfumo. Hili la pili ndilo lenye uwezekano mkubwa zaidi wa kukwama.

Wapo wanaouliza kwa nini masasisho yasizimwe kabisa ili kazi iendelee kwa amani. Jibu liko katika yaliyotokea Mei 2017. Programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 na kufunga faili za zaidi ya kompyuta 200,000, huku wenyewe wakidaiwa fidia ili wafunguliwe. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Mwanya ambao programu hiyo iliutumia ulikuwa na kiraka tayari. Microsoft ilikuwa imekitoa Machi mwaka huo, miezi miwili kabla ya shambulio. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa wamekiweka. Wahenga walishasema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hivyo sasisho linahitajika. Kinachobaki ni kuelewa kwa nini hukwama.

Kwa nini sasisho hukwama

Sababu ya kwanza ni nafasi. Sasisho hupakuliwa kwanza, kisha hufunguliwa kando kabla ya kuchukua mahali pa mfumo wa zamani. Kwa toleo jipya la Windows, diski inafaa kuwa na takriban GB 20 zilizo wazi. Kompyuta ya ofisi iliyojaa picha za mikutano, video za WhatsApp na nakala tano za ripoti moja haiwezi kulipata pengo hilo.

Sababu ya pili ni intaneti. Ofisi nyingi za mashinani hutegemea modemu au simu ya afisa mwenyewe. Bando likiisha katikati ya upakuaji, faili hubaki nusu. Aidha, Windows inaweza kuuhesabu mtandao wa simu kuwa mtandao wa kulipiwa kwa kipimo, ikasitisha upakuaji bila kelele. Afisa huona sasisho limesimama kwa siku nyingi akadhani kompyuta imeharibika, kumbe linasubiri ruhusa.

Sababu ya tatu ni stima. Nyanda za juu za Kisii ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yanayopigwa na radi mara nyingi, na mvua ya alasiri yenye ngurumo ni jambo la kawaida hapa. Stima hupotea na kurudi. Kipakatalishi chenye betri nzima huvumilia. Kile ambacho betri yake ilishakufa, kikawa kinafanya kazi tu kikiwa kwenye soketi, huzimika papo hapo. Kikizimika wakati mfumo unaandika faili zake muhimu, baadhi ya faili hizo zinaweza kubaki mbovu.

Sababu ya nne ni mgongano na programu nyingine. Kuna draiva, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuelewana na vifaa kama vile printa, skana na kadi ya mtandao. Draiva ya zamani inaweza kukataa mfumo mpya. Programu ya kuzuia virusi iliyowekwa juu ya nyingine nayo huleta shida ya namna hiyo.

Mara nyingine kosa si la mtumiaji hata kidogo. Januari 2024, sasisho la Microsoft lenye namba KB5034441 liligoma kwenye kompyuta nyingi duniani na kuonyesha kosa 0x80070643. Sababu ilikuwa kwamba sehemu ndogo ya diski inayotengwa kwa ajili ya kuokoa mfumo haikuwa na MB 250 zilizohitajika. Waliosafisha faili zao na kujaribu tena hawakupata nafuu, kwa kuwa nafasi iliyopungua haikuwa ile wanayoiona. Ndiyo maana namba ya kosa ni muhimu kuliko kubahatisha.

Hatua ya kwanza ni subira

Asilimia zinazoonyeshwa kwenye skrini hazipandi kwa mwendo sawa. Sasisho linaweza kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, hasa kwenye kompyuta zenye diski za zamani zinazozunguka, kisha likaruka ghafla hadi mwisho. Kompyuta ya aina hiyo inaweza kuhitaji muda wa saa mbili au tatu kukamilisha toleo jipya.

Kabla ya kufanya lolote, mtumiaji ahakikishe kwamba waya wa chaji umeunganishwa vizuri. Kisha aangalie taa ndogo inayoonyesha kazi ya diski, ikiwa kompyuta yake inayo. Taa ikiwa inametameta, kazi inaendelea. Asikilize pia feni na mngurumo wa diski. Kompyuta iliyo kimya kabisa, taa yake haibadiliki na asilimia haijasogea kwa zaidi ya muda wa saa tatu, hiyo imekwama kweli.

Ujumbe mwingine huwatisha watu zaidi ya unavyostahili. Ni ule unaosema kwamba mabadiliko yanaondolewa na kompyuta inarudishwa ilivyokuwa. Huo si msiba. Maana yake ni kwamba mfumo umetambua sasisho limeshindwa na unajirudisha wenyewe katika hali ya awali. Huu ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuzima kompyuta. Ikiachwa imalize, mara nyingi huwaka kama kawaida na faili zote zikiwa mahali pake.

Wakati wa kusubiri, afisa ana kazi nyingine mbili za kufanya. Apige picha ya skrini kwa simu, hasa namba ya kosa ikiwepo. Pia aandike saa tatizo lilipoanza na kilichotangulia: je, stima ilipotea? Je, kuna printa mpya iliyowekwa juzi? Taarifa hizo zinaweza kumwokolea afisa wa TEHAMA safari nzima ya kutoka mjini.

Kompyuta ikiwaka lakini sasisho likakataa

Hali hii ndiyo nyepesi zaidi, kwa sababu faili zinafikika. Kabla ya jaribio lingine lolote, kazi muhimu inakiliwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya ofisi au kwenye diski ya nje iliyoidhinishwa. Afisa wa kilimo katika mfano wetu angetuma orodha yake kwanza, kisha ndipo ahangaike na sasisho.

Baada ya hapo, mtumiaji afungue "Settings", aingie "Windows Update", kisha "Update history". Hapo ataona sasisho lililoshindwa pamoja na namba ya kosa. Baadhi ya namba zinazoonekana mara kwa mara ni hizi:

0x80070070: nafasi kwenye diski haitoshi. Dawa ni kumwaga pipa la taka, kufuta faili za muda kupitia "Storage" ndani ya "Settings", na kuhamisha video na picha kubwa.

0x80072EE2: kompyuta imesubiri jibu la mtandao hadi muda ukaisha. Dawa ni kubadilisha mtandao au kujaribu wakati ambao haujasongamana.

0xC1900101: kwa kawaida ni draiva iliyogoma wakati wa kuweka toleo jipya. Dawa ni kuchomoa vifaa vyote vya nje, yaani printa, flashi, modemu isiyotumika na skana, kisha kusasisha draiva kabla ya kujaribu tena.

0x80073712: faili ambazo sasisho linazihitaji zimeharibika au hazipo. Hii inahitaji ukarabati wa mfumo.

Jaribio rahisi linalofaa kutangulia yote ni kuzima kompyuta na kuiwasha upya kwa kutumia "Restart", si kufunga kifuniko tu. Wafanyakazi wengi hufunga kifuniko jioni na kukifungua asubuhi kwa wiki nzima. Kompyuta ya namna hiyo haijapata nafasi ya kumaliza sasisho la awali, na jipya haliwezi kuingia juu ya lile lililobaki nusu.

Isipofaulu, Windows ina chombo chake cha kutafuta kasoro kinachopatikana kwa kuandika "Troubleshoot" katika sehemu ya kutafutia ya "Settings". Zaidi ya hapo, kazi ni ya afisa wa TEHAMA, kwa kuwa inahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Yeye huanza na amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo hurekebisha ghala la faili za mfumo, kisha sfc /scannow, ambayo hukagua faili za mfumo moja baada ya nyingine na kubadilisha zilizo mbovu. Anaweza pia kusimamisha huduma ya masasisho na kulipa jina jipya folda la SoftwareDistribution, mahali ambapo vipande vya sasisho huhifadhiwa. Mfumo hutengeneza folda jipya na kupakua upya. Hakuna hata hatua moja kati ya hizi inayogusa nyaraka za mtumiaji.

Kompyuta isipowaka kabisa

Wakati mwingine kompyuta huwaka, ikaonyesha nembo, ikazima, ikawaka tena, na kuendelea hivyo bila mwisho. Windows yenyewe hutambua hali hii. Ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, hufungua ukurasa wa buluu wa ukarabati. Usipofunguka wenyewe, unaweza kuitwa kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili kompyuta izime wakati nembo inapoonekana, na kurudia hivyo hadi mara tatu. Hili lifanywe tu baada ya kuthibitisha kwamba hakuna sasisho linaloendelea.

Katika ukurasa huo kuna "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Mpangilio wa kujaribu ni kutoka jepesi hadi zito. Kwanza ni "Startup Repair", ambayo hurekebisha faili za kuwashia. Pili ni "Uninstall Updates", ambayo huondoa sasisho la mwisho, liwe la kila mwezi au la toleo jipya. Tatu ni "System Restore", inayorudisha mfumo katika hali ya siku ya nyuma iwapo alama ya kurejea ilikuwa imewekwa. Hatua hizi tatu zinalenga mfumo na programu, si nyaraka.

Hatua ya nne, "Reset this PC", inafaa kuogopwa. Ina chaguo mbili zinazokaribiana: moja huhifadhi faili za mtumiaji na nyingine hufuta kila kitu. Hata ile inayohifadhi faili huondoa programu zilizowekwa. Afisa asiiguse bila mtaalamu.

Kwa kompyuta iliyopokea toleo jipya ikawaka lakini ikawa nzito au printa ikakataa, kuna dirisha la siku 10 la kurudi toleo la zamani kupitia "Recovery" ndani ya "Settings". Siku hizo zikipita, mfumo hufuta faili za toleo la zamani na mlango hufungwa. Malalamiko yanayokaa mezani wiki mbili huwa yameshachelewa.

Na ikiwa yote yameshindikana, bado kuna njia. Afisa wa TEHAMA anaweza kuiwasha kompyuta kwa flashi maalumu na kunakili nyaraka kutoka kwenye diski kabla ya kuweka mfumo upya. Hapo ndipo linapojitokeza swali la ufunguo.

Namba 48 zisizofaa kusahauliwa

Vipakatalishi vingi vya kazi hulindwa na BitLocker, kinga inayoyageuza maandishi ya diski kuwa fumbo ili mwizi asiweze kuyasoma. Ni kinga njema. Lakini baada ya sasisho kuharibika au baada ya mipangilio ya ndani kubadilika, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa kuokoa wenye tarakimu 48, zilizopangwa kwa makundi manane ya tarakimu sita. Bila ufunguo huo, diski haisomeki hata na fundi hodari.

Uzito wa jambo hili ulionekana duniani kote Julai 19, 2024. Siku hiyo sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows. Ndege zilibaki viwanjani na huduma za benki na hospitali zikavurugika katika nchi nyingi. Marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi: kuwasha kompyuta katika hali salama na kufuta faili moja. Ila kompyuta nyingi zilizolindwa na BitLocker zilidai ufunguo kwanza, na mashirika ambayo hayakuwa na orodha ya funguo yalitaabika zaidi.

Ufunguo hupatikana katika akaunti iliyotumiwa kusajili kompyuta, au katika kumbukumbu za ofisi inayosimamia mashine. Kila mkuu wa kituo anafaa kujua leo, kompyuta ikiwa nzima, ni nani anayeshika funguo za mashine zake. Ufunguo uliohifadhiwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo haumsaidii mtu, na ule uliobandikwa kwa karatasi chini ya kompyuta unamsaidia mwizi.

Fundi wa sokoni na sheria

Mafundi wa kompyuta katika masoko yetu wamewaokoa wengi na ustadi wao haubezwi. Hata hivyo, kompyuta ya umma si kama ya nyumbani. Ndani yake kuna majina, namba za vitambulisho, namba za simu na wakati mwingine taarifa za afya za wananchi ambao hawakumpa fundi ruhusa ya kuzisoma.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayesimamia taarifa za watu azilinde, na inazipa taarifa za afya ulinzi wa juu zaidi. Taarifa zikiangukia mikononi mwa wasiohusika na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kujulishwa ndani ya saa 72. Kwa hivyo afisa anayempelekea fundi wa nje kompyuta yenye orodha ya wagonjwa ili arekebishiwe haraka anaweza kuwa ametatua shida moja na kuanzisha nyingine iliyo kubwa zaidi.

Kuna hatari nyingine ya kimyakimya. Fundi asiyejua thamani ya kilicho ndani huchagua njia fupi: kufuta diski yote na kuweka Windows upya, wakati mwingine nakala isiyo halali ambayo baadaye haipokei masasisho ipasavyo. Kompyuta hurudi ikiwa nyepesi na safi, na orodha ya wakulima 400 haipo.

Tahadhari hiyo inahusu pia jumbe za ulaghai. Sasisho la kweli la Windows kwa kawaida huja kupitia "Windows Update". Dirisha linaloruka kwenye tovuti likidai kompyuta inahitaji sasisho la dharura, kiungo kilichotumwa kwa WhatsApp, au mtu anayepiga simu akijifanya ni wa Microsoft, vyote ni vya kupuuzwa na kuripotiwa kwa afisa wa TEHAMA.

Kompyuta za Windows 10

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikomesha masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliozinduliwa Julai 2015. Kompyuta zenye mfumo huo bado zinafanya kazi, lakini mianya mipya inayogunduliwa haizibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa muda wa masasisho ya ziada.

Kuhamia Windows 11 hakuwezekani kwa kila mashine. Inahitaji RAM ya angalau GB 4, hifadhi ya angalau GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, uwezo wa kuwaka kwa njia salama, na prosesa iliyo katika orodha inayokubaliwa. Kwa prosesa za Intel, nyingi za kabla ya kizazi cha nane hazimo katika orodha hiyo. Kompyuta isiyotimiza masharti inaweza kukataa sasisho kila mara hata ikisafishwa vipi, na huko si kuharibika. Microsoft hutoa bure programu iitwayo PC Health Check inayosema kwa dakika chache kama mashine inafaa au la. Matokeo yake yanafaa kupelekwa kwa idara mapema ili yaingie katika mipango ya bajeti, kuliko kusubiri mashine igome wakati wa kufunga hesabu za mwaka.

Kinga kabla ya sasisho

Wahudumu wa afya husema kinga ni bora kuliko tiba, na hapa pia ni hivyo. Mambo yafuatayo hayahitaji utaalamu:

1. Nakala ya akiba ya kazi muhimu iwepo mahali pawili, na angalau pamoja pawe nje ya kompyuta yenyewe.

2. Kompyuta iwashwe upya angalau mara moja kwa wiki, ikiwezekana Ijumaa jioni kabla ya kufunga ofisi.

3. Saa za kazi zipangwe katika "Active hours" ili mfumo usijizime wenyewe wakati wananchi wanahudumiwa.

4. Kukiwa na kazi yenye tarehe ya mwisho, sasisho lisitishwe kwa muda kwa kutumia "Pause updates". Katika Windows 11 linaweza kusitishwa hadi wiki tano. Kazi ikiisha, liruhusiwe.

5. Toleo jipya la mfumo liwekwe asubuhi mbingu zikiwa shwari, betri ikiwa imejaa na waya wa chaji ukiwa umeunganishwa. Si alasiri ya ngurumo.

6. Diski ibakishwe na nafasi. GB 20 zilizo wazi ni kipimo kizuri.

7. Vifaa vya nje vichomolewe kabla ya kuanza, ila waya wa chaji na mtandao.

8. Namba ya simu ya afisa wa TEHAMA wa idara iandikwe ukutani au kwenye daftari. Iliyoandikwa ndani ya kompyuta pekee haitasaidia siku kompyuta itakapogoma.

Tukirudi kwa afisa wetu wa Nyacheki, siku yake ingeweza kwenda kwa njia mbili. Kama orodha iko ndani ya kompyuta hiyo tu, atakuwa mateka wa asilimia 30, na pupa yake inaweza kuwagharimu wakulima msimu wa kupanda. Kama jana jioni aliihifadhi pia mtandaoni, ataazima kompyuta ya jirani, atume orodha kabla ya saa sita, na kukiacha kipakatalishi chake kipambane na sasisho polepole mezani. Tatizo la kompyuta ni lile lile katika hali zote mbili. Tofauti ni dakika tano za jioni iliyotangulia.